Vichwa vya Risasi Visivyonasa: Jigi za Kusubu Nyumbani Kusini mwa Marekani

Jigi ni ndoana iliyosubiwa donge la risasi karibu na tundu lake, hata chubwi na ndoana vikawa kitu kimoja. Kwa kuwa uzito uko mbele, chambo huruka mshipi unapochezwa na huzama unapolegezwa, na kuruka huko ndiko kunakomvuta samaki. Kujitengenezea zana kama hizo ni jambo la kale. Kitabu cha uvuvi wa mshipi kilichochapwa Uingereza mwaka 1496 kilimfundisha mvuvi kukunja ndoana zake mwenyewe kutokana na sindano na kuutia mshipi risasi. Wavuvi wa Newfoundland nao, tangu zama za matanga, walisubu samaki bandia wa risasi wenye ndoana mbili. Lakini hao walivua kwenye maji ya wazi. Jigi ya kupita katikati ya matawi ni habari nyingine, na ilikulia kusini mwa Marekani.

Chimbuko moja ni Ziwa Reelfoot, kaskazini magharibi mwa Tennessee. Mitetemeko mikubwa ya New Madrid ya mwaka 1811 na 1812 ilididimiza ardhi yenye msitu, maji yakaingia, na misaipresi ikabaki imesimama ziwani. Kati ya visiki na mizizi ya miti hiyo huishi krapi, samaki mdogo mwenye mwili bapa na midomo myembamba inayochanika upesi, ambaye hupenda kivuli cha matawi yaliyozama. Wavuvi wa huko walimfuata kwa fimbo ndefu ya mwanzi na samaki wadogo hai. Chambo kilishushwa wima kando ya kisiki, kikapandishwa kwa njia ileile kiliyoshukia. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kunasa, na mpaka leo hakuna kifaa kilichoishinda: kisichoburutwa hakinasi kwa urahisi.

Mahali pa kunasia paliongezeka kwa sababu ya mabwawa. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, TVA, iliundwa mwaka 1933. Bwawa la Norris lilikamilika mwaka 1936, na lile la Kentucky mwaka 1944, likifunika kilomita za mraba zipatazo 650. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. TVA ilikata miti na vichaka katika mabonde yake mengi kabla ya kuyajaza maji, na sababu moja kubwa ilikuwa malaria, kwani mbu wa ugonjwa huo walizaliana kwa wingi kwenye takataka na majani yaliyoelea kandokando ya maji. Ziwa likabaki tupu kwa krapi. Wavuvi waliamua kumrudishia makazi wao wenyewe: walifunga matita ya matawi, wakayatia mawe na kuyazamisha, au wakapigilia safu za vigingi kwenye maji ya kina kifupi. Kwa hiyo kichaka kilichonasa ndoana mara nyingi kilikuwa kimewekwa na mwenye ndoana. Mpakani mwa Texas na Louisiana, katika bwawa la Toledo Bend lililojengwa miaka ya 1960, hapakuwa na haja ya kujisumbua, kwa maana eneo kubwa la msitu liliachwa limesimama.

Watengenezaji wa viwandani walilijibu tatizo kwa vikinga. Ndoana zenye waya wa kufunika ncha zilikwisha kupewa hataza nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na katika miaka ya 1920 Louis Johnson alitoa kijiko chake cha kuvulia chenye kikinga cha waya, ambacho kingali kikiuzwa. Baadaye jigi zikawekewa kishada cha nyuzi ngumu za nailoni mbele ya ncha. Njia ya tatu ilikuja na plastiki. Nick Creme wa Akron, Ohio, alianza kumimina minyoo ya plastiki laini mwaka 1949, na wavuvi wa mashariki mwa Texas wakazoea kuirudisha ncha ya ndoana ndani ya mwili wa mnyoo huo, nyuma ya chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki. Yote hayo yalimfaa samaki aitwaye besi mdomo-mpana, yuleyule aliyepandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920: kinywa chake ni kigumu na fimbo ya kumvulia ina nguvu. Kwa krapi hayakufaa sana. Kikinga chenye ugumu wa kusukuma tawi husukuma pia mdomo wa samaki mwepesi.

Ndipo kalibu ya nyumbani ilipopata kazi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, moto ambao jiko la kawaida linaufikia, na malighafi ilipatikana karibu bure: mabomba chakavu ya maji, na zaidi ya yote vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu ya magari. Vyuma hivyo huwa na antimoni, hivyo kichwa hutoka kigumu kuliko cha risasi tupu. Kalibu za plasta na mbao zilitangulia. Za alumini za kufungua na kufunga zikafuata. Tone moja la maji ndani ya kalibu au sufuria hurusha risasi ya moto usoni, na mvuke na vumbi lake ni sumu, ingawa kwa miaka mingi watu walisubu jikoni bila kujali.

Faida ya kusubu mwenyewe haikuwa bei tu. Msubaji huchagua ndoana kabla ya kumimina, na uamuzi huo una uzito kuliko umbo la kichwa. Wavuvi wa krapi walipendelea ndoana za aina ya Aberdeen, za waya mwembamba. Ikinasa kwenye tawi, mvuvi huvuta polepole. Waya hunyooka kabla mshipi wa nailoni haujakatika, jigi inarudi, na koleo inaikunja tena.

Uchaguzi wa pili ni mahali pa tundu. Kwenye kichwa cha mviringo tundu husimama juu, kwa pembe ya nyuzi 90, na jigi huning'inia mlalo kama samaki aliyetulia. Hilo ni zuri kwa kushusha wima. Ikivutwa kwa mbali, hata hivyo, kijiti huingia kwenye pembe iliyo kati ya mshipi na pua ya kichwa, kikabana. Tundu likiletwa puani, pembe hiyo huziba na kichwa chembamba kama koni huteleza juu ya tawi. Gharama yake ni kwamba jigi ikining'inizwa hulegeza mkia chini. Risasi nyingi ikiwa tumboni, chini ya mpini, huiweka ncha juu, mbali na matawi ya chini. Vichwa vipana vya kuviringika vinafaa kwenye mawe, lakini vichakani husongwa kwenye panda. Uzito nao una pande mbili: jigi ya gramu mbili hugusa tawi kwa upole, ila nzito zaidi hujinasua vizuri mshipi ukilegezwa ghafla, kwa kuwa huanguka na kuing'oa ncha.

Risasi yenyewe ndiyo iliyopingwa baadaye. Uingereza ilizuia machubwi madogo ya risasi mwaka 1987 kwa sababu ya vifo vya mabata maji. New Hampshire, ambako ndege wazamiaji wa maziwani hufa kwa kumeza vipande vya risasi, ilianza kuzuia mwaka 2000, na mwaka 2016 ikapiga marufuku jigi zote za risasi zenye uzito wa wakia moja au chini yake. Vyuma vya magurudumu pia vinabadilika kuwa vya feleji na zinki. Zinki huhitaji nyuzijoto zipatazo 420, na ikichanganyika kidogo tu na risasi huharibu umiminaji. Baadhi ya wasubaji wa nyumbani wamehamia bismuthi iliyochanganywa na bati, ambayo huyeyuka kwa urahisi kuliko risasi lakini ni nyepesi kidogo na huvunjika inapogonga mwamba. Tungsteni ni nzito kuliko zote, na kichwa chake kidogo hupenya matawi vizuri, ila huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 3,400, kwa hiyo hununuliwa dukani.