Nani anakoroga bahari? Kompyuta na siri ya maji ya kilindini

Mie nilimaliza shule nikidhani maji ya chini kabisa baharini yamelala tu. Kumbe wapi, yanatembea!

Iko hivi. Kaskazini mwa Atlantiki, upande wa Greenland, maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito. Yana chumvi nyingi pia, basi yanazama na kusafiri kilindini kuelekea kusini. Mzunguko mzima unachukua karne nyingi.

Nani atakaa kule kuhesabu? Ndio maana wataalamu wanajenga bahari ndani ya kompyuta. Wanaikata vipande kama matofali, halafu programu inapiga hesabu ya joto, chumvi na mwendo wa maji kwa kila tofali. Mwaka 1969 Syukuro Manabe na Kirk Bryan wa Marekani walitoa modeli iliyounganisha bahari na hewa. Manabe akaja kupata Nobel ya fizikia mwaka 2021.

Sasa kasheshe. Maji yaliyozama lazima yapande tena, na sehemu yake inapanda kwa kuchanganyika na maji ya moto ya juu. Ni kama sukari kwenye chai, bila kukoroga inabaki chini. Tofali moja linaweza kuwa na upana wa kilomita 100, lakini kukoroga kwenyewe ni kwa sentimita tu. Kompyuta haikuoni, inabidi ipewe kipimo.

Mwaka 1966 Walter Munk alikokotoa kipimo hicho. Mwaka 1992 watafiti wakamwaga kemikali ndani ya Atlantiki na kuifuatilia, wakakuta kama moja ya kumi tu! Mengine yako wapi? Vipimo vya miaka ya 1990 upande wa Brazil vikajibu: yako juu ya milima ya chini ya bahari. Kupwa na kujaa kunasukuma maji kwenye miamba, yanazuka mawimbi ya ndani kwa ndani, yakivunjika yanakoroga.

Inatuhusu nini? Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia. Ukikosea kipimo cha kukoroga, unakosea joto linaenda wapi na bahari itapanda kiasi gani. Sie wa pwani tutaona wapi?

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali au masahihisho, karibu.