Alama na Usomaji: Chimbuko la Utahini katika Ufundishaji wa Fasihi ya Kihispania huko Marekani

Historia ya kazi za fasihi zinazosomwa vyuoni imeandikwa kwa upana. Historia ya maswali yanayoulizwa kuzihusu, na ya alama wanazopewa wanaoyajibu, haijashughulikiwa kwa kiasi hicho, ingawa mwanafunzi hulikumbuka swali la mtihani muda mrefu baada ya kuisahau riwaya yenyewe. Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kurejelea somo la fasihi ya Kihispania katika Chuo cha Harvard, mahali ambapo lilikuwa na profesa wake tangu mwaka 1819. Hoja inayojengwa ni kwamba alama hazikuzaliwa na haja ya kupima usomaji wa fasihi. Zilizaliwa na haja ya kutunza nidhamu na kupanga vijana katika safu, na fasihi ikazikuta tayari zimeketi barazani.

Kiti hicho cha uprofesa kilitokana na wasia wa mfanyabiashara wa Boston, Abiel Smith, aliyefariki mwaka 1815. Aliyeteuliwa kukikalia ni George Ticknor, kijana ambaye wakati huo alikuwa akisoma Göttingen, Ujerumani. Huko alipigwa butwaa na maktaba yenye vitabu takriban 200,000, ilhali ile ya Harvard ilikuwa na takriban 20,000. Mwaka 1818 alikwenda Uhispania kukusanya vitabu na kujifunza, na mjini Madrid mwalimu wake akawa José Antonio Conde, mtaalamu wa historia ya Waarabu wa Andalusi. Alipotawazwa rasmi mwaka 1819 alikuwa amekwisha kuamini kwamba fasihi ya taifa husomwa kwa vitabu vingi, kwa utaratibu wa kihistoria, na chini ya uongozi wa mwalimu anayefundisha kwelikweli.

Aliyoyakuta yalikuwa tofauti. Ufundishaji wa Harvard ulitegemea kukariri. Mwanafunzi alipangiwa kurasa kadhaa za kitabu cha kiada, kesho yake akaitwa mbele ya wenzake, naye akazitapika au kuzifasiri huku mwalimu akiandika kama amejua au hakujua. Msomaji aliyepitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani hana haja ya kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba chuoni yalikuwapo matini ambayo yenyewe yalikusudiwa kuhifadhiwa moyoni. Katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1825 kuhusu mageuzi ya Harvard, Ticknor alilalamika kwamba kazi ya mwalimu ilikuwa imepunguka hadi kuhakikisha kama somo limesomwa, na kwamba kufundisha kwenyewe kulikuwa kumetoweka. Lawama hii ni nzito, na hapana shaka ilikuwa ya haki.

Kijitabu hicho hakikuzuka katika utulivu. Mwaka 1823 wanafunzi 43 wa mwaka wa mwisho walikuwa wamefukuzwa kwa sababu ya ghasia, muda mfupi kabla ya kuhitimu. Wasimamizi wa chuo walishtuka, na mwaka 1825 zikapitishwa kanuni mpya. Masomo yaligawanywa kwa idara, wanafunzi wakaruhusiwa kuchagua kwa kiasi fulani, na kila darasa likatakiwa kugawanywa kwa uwezo wa wanafunzi. Walimu wengi walizipinga kanuni hizo, hata zikalegezwa. Ni idara ya Ticknor ya lugha za kisasa iliyozishika kikamilifu.

Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya linavyoangaliwa kwa kawaida. Katika idara hiyo mwanafunzi hakupangwa kwa mwaka aliojiunga na chuo. Alipangwa kwa kiwango cha ujuzi wake wa lugha, naye aliruhusiwa kusonga mbele kwa kasi aliyoimudu. Francis Sales, mzaliwa wa Perpignan, Ufaransa, ndiye aliyefundisha Kihispania kila siku, na mwaka 1836 alichapisha huko Boston toleo la Don Quijote kwa ajili ya wanafunzi. Juu ya mafunzo hayo ya lugha Ticknor aliweka mihadhara yake kuhusu historia ya fasihi, ambayo muhtasari wake aliuchapisha mwaka 1823. Kwa maneno mengine, tathmini katika mfumo huu ilikuwa kumwambia mwanafunzi kitabu anachokiweza sasa na kile kitakachofuata. Hiyo ni tathmini ya mwalimu anayemjua mwanafunzi wake, nayo ni ghali, kwa kuwa inadai madarasa madogo na walimu wengi.

Mwaka 1829 Josiah Quincy alishika urais wa chuo, naye akaleta mizani ya namna nyingine. Kila mara mwanafunzi alipokariri somo alipewa alama kati ya 0 na 8. Alama hizo zilijumlishwa siku baada ya siku, na jumla yake ndiyo iliyoamua nafasi ya mwanafunzi miongoni mwa wenzake. Fauka ya hayo, aliyekosa sala au kuvunja kanuni alikatwa alama kutoka katika hazina hiyohiyo. Kwa hiyo kijana aliyeifasiri sura ya Cervantes kwa ustadi na kisha akalala wakati wa sala za alfajiri angeweza kulingana na yule aliyeifasiri vibaya lakini akawahi. Tarakimu ilikuwa moja. Maana zake zilikuwa mbili, na hapakuwa na njia ya kuzitenganisha. Kwamba mfumo huu haukuleta utulivu kulidhihirika mwaka 1834, ghasia kubwa zilipozuka tena.

Ticknor alijiuzulu mwaka 1835. Kazi aliyokuwa ameitayarisha katika mihadhara ilitoka mwaka 1849 katika juzuu tatu, historia ya fasihi ya Kihispania ambayo ilitafsiriwa hata kwa Kihispania na Pascual de Gayangos na Enrique de Vedia. Mtafiti wa tenzi atavutiwa na kiambatisho kimoja cha kitabu hicho: shairi refu la kisa cha Nabii Yusufu, lililotungwa kwa Kihispania na kuandikwa kwa hati za Kiarabu. Ni shida kufikiria jinsi matini ya namna hiyo ingekaririwa kwa alama 8.

Waliomrithi walikuwa washairi wenye jina: Henry Wadsworth Longfellow kuanzia mwaka 1836, kisha James Russell Lowell, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Marekani nchini Uhispania kati ya 1877 na 1880. Barrett Wendell, aliyekuwa mwanafunzi wa Lowell, alisimulia kwamba kijana mmoja alipouliza matokeo ya mtihani wake, Lowell alimtaka ataje mwenyewe alama anayoistahili, akampa hiyohiyo, akafurahi kuepukana na adha ya kusoma majibu. Kisa hiki huchekesha, na pengine Wendell alikitia chumvi. Hata hivyo si cha kusifiwa kupita kiasi. Profesa asiyesoma kazi ya mwanafunzi hajauasi mfumo wa alama. Ameuachia tu uendelee bila yeye.

Nao uliendelea. Mwaka 1897 Chuo cha Mount Holyoke, kilichokuwa cha wanawake, kiliunganisha herufi na asilimia: A ilianzia 95, na aliyepata chini ya 75 alianguka. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walipeleka nakala za karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza kwa walimu wa shule za upili. Walimu 142 walizisahihisha. Karatasi ya kwanza ilipata alama kati ya 64 na 98, na ya pili kati ya 50 na 97. Karatasi ni ileile, neno kwa neno.

Kwa mhakiki wa fasihi, matokeo hayo si ya kuduwaza sana, kwani wasomaji hutofautiana. Swali gumu ni nini hasa walichokuwa wakikipima. Katika fasihi inayosomwa kwa lugha ya kigeni swali hili huuma zaidi: je, mwanafunzi aliyelielewa shairi kwa kina lakini akakosea vitenzi amefaulu au ameanguka? Walimu wa vyuo vya Afrika Mashariki wanaosahihisha insha za fasihi ya Kifaransa au Kiingereza wanalifahamu tatizo hilo.

Jibu moja limo katika mtihani wa AP wa Marekani, ambao wanafunzi wa shule za upili huufanya ili kupata sifa za chuo. Tangu urekebishwe katika mwaka wa masomo wa 2012–2013, mtihani wa fasihi ya Kihispania una orodha ya kazi 38 za lazima, na insha zake hukadiriwa mara mbili, maudhui kando na lugha kando. Utengano huo ni hatua ya maana, ingawa mwishowe pande zote mbili hurejeshwa katika tarakimu moja kati ya 1 na 5. Miongoni mwa kazi hizo 38 yamo mashairi ya Nicolás Guillén na Nancy Morejón wa Kuba, yanayozungumzia moja kwa moja asili ya Kiafrika. Vipindi vitatu vya Ticknor, vilivyofuata nasaba za wafalme wa Uhispania, havikuwa na mahali pa kuwaweka washairi wa aina hiyo.