Ziwa Moja au Matatu: Ramani ya 1856 na Ufa wa Nchi

Katika mwaka wa 1856 ilichapishwa huko Ujerumani ramani iliyowashangaza mabingwa wa jiografia. Waliyoitunga ni wamisionari wawili wa pwani ya Mombasa na Tanga, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Hawakuwa wamefika katika ziwa lolote la bara. Waliwauliza wafanyi biashara wa misafara. Kila msafara, kwa njia yake, ulisimulia habari za maji makubwa. Basi wakayaunganisha yote yakawa ziwa moja, lenye umbo la koa.

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mwezi wa Agosti Speke akaliona ziwa la kaskazini, na ikadhihirika kuwa maji yale ni mbalimbali.

Sababu yake huonekana wazi katika picha za setilaiti, zilizoanza kupigwa na Landsat mwaka 1972. Tanganyika na Nyasa ni marefu na membamba, na kingo zao zimenyooka: hapo nchi ilipasuka na kudidimia. Viktoria ni pana, nalo limetuama katika bonde la kina kifupi baina ya matawi mawili ya Ufa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Viktoria halizidi sana mita 80.

Hivyo wasafiri hawakukosea waliposema kuna maji. Kosa lilikuwa katika wino uliopitishwa mahali ambapo hapana shahidi aliyepita.