Una Land Cruiser 'mkonga' ya zamani? Tengeneza haya kabla ya kuongeza mbwembwe

Ukitoka Tabora mjini kwenda Nzega, Urambo au Sikonge, unateleza kwenye lami. Kazi inaanza ukiiacha lami na kuingia vijiji vya tumbaku na asali. Huko masika yakikolea, magari madogo yanakaa pembeni na Land Cruiser hardtop za zamani ndizo zinapita. Zinabeba mazao, walimu, na mara nyingi mgonjwa anayewahishwa hospitali.

Ndiyo maana gari la namna hii likizimika katikati ya maji, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Ni gari gani hasa?

Mtaani linaitwa "mkonga" kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni mpaka usawa wa paa, kama mkonga wa tembo. Ni familia ya Land Cruiser 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984.

Nyingi zina injini ya 1HZ, iliyoingia sokoni mwaka 1990. Ni ya dizeli, silinda 6, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo. Pampu yake ya dizeli haiendeshwi na kompyuta, hivyo fundi mwenye spana na uzoefu anaweza kuifungua hata kijijini.

Mkonga haumalizi kila kitu

Hapa wengi wanaliwa. Mkonga unasaidia injini kuvuta hewa ya juu, yenye vumbi kidogo na iliyo mbali na maji. Lakini kama maungio yake yamelegea au mpira umepasuka, injini itavuta maji hayohayo. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, konrodi inapinda na injini imekwisha.

Pili, mkonga hauna uhusiano wowote na difu. Difu lina kipumulio kidogo juu ya ekseli. Gari likitembea, difu linapata moto. Likizama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, maji yanapita kwenye sili.

Dawa yake ni bei rahisi: safisha kipumulio, kisha kifungie mpira mwembamba unaopanda mpaka juu, karibu na injini. Baada ya kuvuka maji mengi, kagua oili ya difu na giaboksi. Ukiikuta ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage, weka mpya.

Mambo matano ya kuanza nayo

1. Taimingi belti. Kwa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kuna taa ya kukumbusha kwenye dashibodi. Kama umenunua gari mkononi na hujui historia yake, usibahatishe, badilisha. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni.

2. Filta ya hewa. Vumbi la kiangazi linakula injini kimyakimya. Kagua filta yenyewe, halafu kagua kama boksi lake linafunga vizuri. Filta mpya kwenye boksi lenye upenyo ni kazi bure.

3. Maji kwenye dizeli. Dizeli ya madumu mara nyingi ina maji na uchafu. Fungua skrubu ya chini ya kichujio umwage maji kabla hayajafika kwenye pampu na nozeli. Kukarabati pampu ni hela ndefu.

4. Rejeta. Gari likipita porini, mbegu za nyasi na tope vinaziba rejeta kwa mbele. Ioshe taratibu kwa maji. Injini ikichemka, silinda hedi inaweza kupasuka.

5. Ekseli ya mbele. Ukiona mafuta yanachuruzika nyuma ya tairi za mbele, sili imechoka na oili ya difu inachanganyika na grisi ya vichwa vya ekseli. Usingoje kelele.

Ukitaka kuongeza vitu

*Springi za nyuma.* Kuongeza springi hakuongezi uwezo wa gari. Breki, beringi na chasisi ni zilezile. Gari halikai chini tena, lakini mzigo unahamia kwenye chasisi, na nyufa zinaanza.

*Tairi pana.* Zinapendeza kwa macho na zinasaidia kwenye mchanga. Kwenye mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi unaonata, tairi nyembamba ya 7.50R16 mara nyingi inakata tope na kufika kwenye ardhi ngumu.

*Turbo.* 1HZ haikutoka kiwandani na turbo. Ukiifunga na dizeli ikaongezwa bila kupima joto la ekzosi, unaalika hedi kupasuka.

*Injini nyingine.* Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha, toa taarifa TRA ili kadi ilingane na gari.

Somo la njia ya zamani

Katika karne ya 19, misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi begani, na wapagazi wengi wa Kinyamwezi walirudi mashambani mvua zilipoanza.

Mvua ni zilezile na udongo ni uleule. Kwa hiyo kama bajeti ni ndogo, taa za juu ya paa na winchi zisubiri. Anza na belti, sili, filta na mpira wa kipumulio, na vyote viwe vimekamilika kabla ya Novemba.