Kukata miti kwa chensoo: mambo ambayo mama na mlezi anapaswa kujua

Katika vijiji vingi vya Mufindi, Kilolo na Njombe, shamba la miti ni akiba ya familia. Misindano au milingoti ikikomaa, ada ya shule inalipwa na bati zinanunuliwa. Siku ya kuvuna, fundi anakuja na msumeno wa mnyororo, yaani chensoo, na nyumba nzima inahamia shambani. Mama anapeleka chai na chakula, bibi anaokota kuni, watoto wanataka kuona mti ukianguka.

Anayeshika msumeno si yeye peke yake anayeweza kuumia. Makala hii inakueleza jinsi ya kuilinda familia yako siku hiyo, na la kufanya mtu akijeruhiwa.

Hatari inatoka wapi?

- Mti wenyewe. Upepo, moyo uliooza au matawi yaliyoshikana na mti wa jirani vinaweza kuubadilisha mwelekeo. Matawi makavu huvunjika na kudondoka kabla mti haujaanguka.
- Mnyororo. Ncha ya juu ya bapa la chuma ikigusa gogo au tawi, msumeno huruka ghafla kuelekea usoni au shingoni kwa fundi.
- Kelele. Fundi hakusikii ukimwita, wala hamsikii mtoto anayemjia kwa nyuma. Kelele hiyo pia hudhuru masikio, hasa ya mtoto mchanga. Usisogee pale ukiwa umembeba mtoto mgongoni.

Mkae mbali kiasi gani?

Kanuni ni umbali wa mara mbili ya urefu wa mti, pande zote, si upande unaotarajiwa kuangukia tu. Mti wa mita 20 unahitaji mita 40, yaani karibu hatua 60 za mtu mzima. Umbali huo unahitajika kwa sababu mti unaweza kuugonga mwingine, au kurusha matawi mbali.

Kama hujui urefu wake, pima hivi kabla msumeno haujawashwa, mahali palipo tambarare. Nyoosha mkono mbele ukiwa umeshika fimbo wima. Sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi. Sogea nyuma taratibu, ukiangalia unapokanyaga, hadi fimbo ilingane na mti kutoka shinani hadi kileleni. Hapo umefika umbali wa urefu mmoja wa mti. Hesabu hatua hadi shinani, kisha zidisha mara mbili.

Kwenye mteremko, asikae mtu upande wa chini. Magogo hubingirika.

Kabla kazi haijaanza

Shamba ni lenu, kwa hiyo una haki ya kuuliza na hata kusimamisha kazi. Angalia haya:

- Fundi amevaa kofia ngumu yenye kinga ya uso, kinga ya masikio, suruali maalumu ya kazi hiyo na buti imara. Kandambili hazifai.
- Hajanywa ulanzi wala pombe nyingine.
- Hayuko peke yake shambani.
- Amefyeka njia mbili za kukimbilia, zinazoelekea nyuma na pembeni, mbali na upande mti utakaoangukia.
- Hakuna upepo mkali. Ukianza, kazi isubiri.
- Mti hauko karibu na nyaya za umeme. Kama uko karibu, waiteni TANESCO kwanza.

Fundi mzuri hakati mti moja kwa moja hadi upande wa pili. Hufungua mdomo upande wa kuangukia, kisha hukata kwa nyuma na kuacha ukanda mwembamba usiokatwa. Ukanda huo ndio unaouongoza mti kama bawaba ya mlango.

Watoto na kazi za nyumbani

- Mchagueni mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni watoto tu. Ni salama zaidi wakibaki nyumbani.
- Pelekeni chakula msumeno ukiwa umezimwa na fundi amewaona.
- Kuni ziokotwe baada ya kazi kusimama kabisa.
- Mti ulioangukia mwingine ukakwama angani usipitiwe chini hata kesho yake. Wekeni alama na kuzuia watoto hadi ushushwe.
- Petroli na oili visiwekwe kwenye chupa za soda au maji. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimlazimishe kunywa maziwa au mafuta. Mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na chupa hiyo.

Mtu akikatwa na msumeno

1. Hakikisha msumeno umezimwa na hakuna mti unaoning'inia juu yenu.
2. Kunja kitambaa safi, kanga inatosha, na ukandamize jeraha kwa nguvu kwa mikono miwili. Usifunue kila mara kuangalia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu yake na uendelee kukandamiza.
3. Mlaze na umfunike asipate baridi. Mwingine atafute usafiri huku wewe ukiendelea kukandamiza.
4. Damu ya mguu au mkono ikigoma kusimama, funga kitambaa kipana vidole vinne juu ya jeraha, si kwenye kiungo. Pitisha kijiti na ukizungushe hadi damu isimame. Andika saa uliyofunga. Usilegeze hadi mfike kwa mhudumu wa afya.
5. Kidole kilichokatika kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kisha kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko uwekwe kwenye maji ya baridi au juu ya barafu, kidole kisiguse barafu moja kwa moja.

Usiweke majivu, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno kwenye jeraha. Haviponyi, na vinaingiza uchafu.

Aliyeangukiwa na mti

Kama analalamika shingo au mgongo, msimwinue wala kumketisha isipokuwa mahali hapo ni hatari. Lazima ahamishwe? Watu kadhaa wambebe kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja. Hata asipotoka damu, apelekwe hospitali, kwani anaweza kuvuja damu ndani ya tumbo au kichwani.

Mnapofika kituoni

Mwambie mhudumu jeraha limetokea saa ngapi na mlifanya nini. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo. Fomu ya polisi, PF3, mwingine anaweza kuifuata. Msichelewe nayo huku mgonjwa akivuja damu.