Mtiririko wa Mtupo

Makocha wa mpira wa kikapu hupenda kusema kwamba mchezaji fulani "hana ridhimu" anapolenga kikapu. Wanaotaka neno la Kiswahili hukimbilia mdundo, kwa kuwa kwenye muziki ridhimu ni mdundo na hakuna anayebisha. Uwanjani neno hilo linapotosha. Kwanza, kinachodunda ni mpira sakafuni, na kijana akiambiwa aangalie mdundo wake atatazama anavyoudundisha. Hiyo ni kasoro ndogo. Kubwa ni kwamba mdundo ni pigo linalojirudia, ilhali kinachotafutwa hapa kimo ndani ya tendo moja: magoti yananyooka, nguvu inapanda kiunoni hadi begani, kiwiko kinafunguka, kiganja kinalala, na mpira unaziacha ncha za vidole ukijizungusha kurudi nyuma. Ukisimama hata kidogo juu ya paji la uso, nguvu ya miguu imeshapotea, mkono unabaki kusukuma peke yake, na mara nyingi mpira unaishia ukingo wa mbele wa ringi. Kilichokatika hapo ni mtiririko, na ndilo jina ninalolipendekeza: mtiririko wa mtupo.

Ushahidi mzuri ni wa Wilt Chamberlain. Machi 2, 1962, alipofunga pointi 100 katika mechi moja ya NBA, alipata mitupo huru 28 kati ya 32, ingawa katika maisha yake yote ya NBA alipata takriban asilimia 51 tu. Msimu huo alikuwa akitupa kwa mikono miwili kutokea chini, mtindo ambao mchezaji mwingine, Rick Barry, aliutumia hadi akafikia takriban asilimia 90. Mikono inaning'inia, inapanda pamoja, na hakuna mahali pa kusita. Chamberlain aliuacha, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliona haya kuonekana akitupa hivyo. Kisa hiki kinatuonya pia kuhusu neno kujiamini, ambalo makocha hulitaja sambamba na ridhimu kana kwamba ni kitu kimoja. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika andiko lake la 1977, alieleza imani ya mtu kwamba anaweza kutenda jambo mahususi, akasema chanzo chake chenye nguvu zaidi ni kuwahi kulitenda akafaulu. Imani hiyo ni tofauti na kutojali macho ya watu. Mazoezi ya kutupa hujenga ile ya kwanza; ya pili Chamberlain hakuipata, pamoja na umaarufu wake wote.

Atatokea wa kuniuliza: mbona mchezaji hudundisha mpira mara tatu, akavuta pumzi, ndipo akatupa, na hufanya hivyo kila mara? Si mdundo huo? Ni utaratibu wa kujiandaa, na una kazi yake, maana sheria za FIBA zinampa sekunde tano tu baada ya kukabidhiwa mpira. Lakini utaratibu huo unaweza kukamilika bila dosari, kisha mtupo wenyewe ukakatika njiani. Pingamizi zito zaidi ni la "mkono wenye moto", ile hali ya kufunga mfululizo. Mwaka 1985 watafiti Gilovich, Vallone na Tversky walidai kwamba ni dhana tu ya watazamaji. Mwaka 2018 watafiti wengine, Miller na Sanjurjo, wakaonyesha kwamba hesabu yao ya 1985 ilikuwa na upendeleo uliouficha mkono huo. Vyovyote mjadala utakavyokwisha, unahusu mtupo mmoja kufuata mwingine, jambo ambalo ukipenda liite mdundo. Mtiririko unakaa ndani ya kila mtupo, hata ule wa kwanza wa jioni.

Jina hubadilisha zoezi. Anayefikiria mdundo atahimiza mitupo mingi ya haraka kutoka mstari wa mitupo huru, mita 4.6 kutoka kwenye ubao, hata kwa mtoto ambaye bado hana nguvu ya kufika huko. Anayefikiria mtiririko atamsogeza hatua mbili mbele ya ringi, atupe kwa mkono mmoja, na asirudi nyuma hadi mpira upande bila kusita. Makocha wetu waanze kulitumia neno hili mazoezini, na watunga kamusi za michezo waliingize.