Moto wa Buluu Mkiani mwa Jeti ya Rimoti

Ndege ya kivita ikihitaji nguvu zaidi, mafuta hunyunyizwa kwenye hewa inayotoka ndani ya injini, yakawaka, na mwali ukaonekana nyuma. Jeti nyingi ndogo za rimoti husukumwa na feni ya umeme, hazina moto. Kwa hiyo wapenzi wake hufunga taa za LED mkiani, za rangi ya chungwa na buluu, zinazong'aa zaidi kasi inapoongezwa.

Rangi hizo si za umri mmoja. Mwaka 1962, Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu nchini Marekani. Buluu yenye mwanga mkali ilichelewa takriban miaka 30. Wengi walikata tamaa, kwani fuwele safi za galiamu nitraidi zilikuwa ngumu kutengeneza. Nchini Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliendelea, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Taa nyeupe za LED tunazosomea usiku zimetokana na buluu hiyohiyo. Ndiyo maana hatukubali kwamba historia ya michezo ni ya kupuuzwa: mkiani mwa jeti ya rimoti tunasoma subira ya watafiti.